Mkojo, Damu na Istilahi: Historia Fupi ya Kipimo Kisichotoboa

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa maandishi ya tiba siku hizi ni yale yahusuyo vipimo vya magonjwa yaenezwayo na mbu. Zamani mfasiri alihitaji maneno machache tu: damu, kidole, sindano, kioo na hadubini. Leo watafiti wanatafuta ndani ya mkojo dutu ndogo mno zinazoonyesha kwamba mtu ana vimelea vya malaria au minyoo ya matende, nao wanaisifu njia hiyo kwa kuwa haimtoboi mgonjwa. Sifa hiyo, inapotoka katika Kiingereza, hufasiriwa na baadhi ya wafasiri kuwa "kipimo kisichoingilia mwili". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba sababu za kutofaa kwake zimo katika historia ya vipimo vyenyewe, wala si katika sarufi peke yake.

Istilahi hupimwa vema inapotiwa kinywani mwa mtu fulani mahali fulani. Sisi tutaitia Wilayani Ludewa, Mkoa wa Njombe. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, unajulikana kwa baridi. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na takwimu za taifa huuweka mkoa huo miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa. Lakini Ludewa ina sura mbili. Mlangali ni nchi ya baridi. Bali mtu akiteremka milima ya Livingstone hadi Lupingu na Manda, kando ya Ziwa Nyasa, hujikuta katika joto, mahali pasipofika hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mkulima wa Mlangali na mvuvi wa Manda husema "nina homa" kwa neno lilelile, na hali uwezekano wa homa hizo mbili kuwa malaria si sawa hata kidogo. Mganga wa Makambako, mji ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu, akimpokea msafiri anayetetemeka, hana budi kumwuliza kwanza alilala wapi wiki mbili zilizopita. Neno "homa" halimwambii. Kipimo ndicho kitakachomwambia, na kipimo hicho hakina budi kuelezwa kwa maneno.

Wengi hudhani kwamba kuutafuta ugonjwa wa mbu ndani ya mkojo ni jambo la jana. Historia inasema vingine. Mwaka 1863, mjini Paris, daktari Demarquay aliona watoto wa minyoo, wembamba kama uzi, katika maji aliyoyatoa katika busha la mgonjwa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1866, daktari Otto Wucherer aliyefanya kazi Bahia, nchini Brazil, alikuwa akiuchunguza mkojo wa mwanamke mmoja. Alichokitafuta ni mayai ya kichocho, kwa maana Theodor Bilharz alikwisha kumgundua mdudu wa kichocho huko Kairo mwaka 1851, na madaktari wengi walitaka kujua kama yuko kwingineko pia. Mayai hakuyaona. Badala yake aliona minyoo midogo ambayo hakuna aliyepata kuieleza. Mwaka 1870, huko Calcutta, Timothy Lewis aliiona minyoo hiyohiyo katika mkojo uliokuwa mweupe kama maziwa, na ilikuwa mwaka 1872 tu alipoiona katika damu. Kwa hiyo mnyoo wa matende ulionekana mkojoni miaka sita kabla ya kuonekana damuni. Hata jina lake la kisayansi, Wuchereria bancrofti, linamkumbuka mtu aliyeuona katika chombo cha mkojo, pamoja na Joseph Bancroft wa Brisbane aliyempata mnyoo mzima mwaka 1876.

Na mbu je? Mbu aliingia katika habari hii mwaka 1877, Patrick Manson alipoonyesha katika mji wa Amoy, nchini China, kwamba watoto wa minyoo hunyonywa na mbu pamoja na damu, kisha hukua ndani ya mwili wake. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu yote ya magonjwa yaenezwayo na wadudu. Manson aligundua pia jambo ambalo liliamua mwenendo wa vipimo kwa miaka mia moja na zaidi: watoto wa minyoo hujificha mchana na kutoka katika damu ya juu wakati wa usiku. Tangu hapo mkojo uliwekwa kando. Mkojo mweupe hutokea kwa wagonjwa wachache tu, lakini damu ya usiku husema kwa wengi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako minyoo hii ni ya usiku, mpimaji hodari alikuwa yule anayekwenda kijijini kati ya saa nne na saa nane za usiku, taa mkononi, akiwaamsha watu awachome vidole.

Kwa upande wa malaria pia mkojo ulitangulia kusema, tena katika nchi yetu. Mwaka 1897, mwaka uleule ambao Ronald Ross alionyesha huko India vimelea vya malaria ndani ya mbu, Robert Koch alifika Dar es Salaam, akakaa katika koloni la Wajerumani hadi mwaka 1898 akichunguza malaria. Jambo moja lililomshughulisha ni homa iliyowaua Wazungu wengi, ambayo mkojo wa mgonjwa hugeuka kuwa mwekundu wa giza hata mweusi. Sababu ya weusi huo ni kupasuka kwa chembechembe nyekundu za damu kwa wingi, ile rangi yake ikapita katika figo. Koch alishikilia kwamba kwinini ndiyo iliyosababisha ugonjwa huo. Leo inajulikana kwamba malaria kali na kwinini iliyomezwa bila utaratibu huhusika kwa pamoja, na ugonjwa wenyewe ulipungua sana baada ya klorokwini kuchukua nafasi ya kwinini katikati ya karne ya 20.

Wafasiri wayatazame majina ya ugonjwa huo. Wajerumani na Waingereza waliuita homa ya maji meusi, yaani hawakuthubutu kulitaja neno mkojo. Mswahili aliyeandika "homa ya mkojo mweusi" alisema wazi zaidi kuliko wao. Nalitaja hili kwa sababu baadhi yetu hudhani kwamba haya ya lugha ni ya Waswahili peke yao, na kwamba lugha za sayansi hazina haya.

Basi damu ikatawala, na pamoja na utawala wake ikaja hofu. Neno "mumiani" limo katika Kiswahili tangu zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa dawa nyeusi kama utomvu iliyoletwa kutoka ng'ambo, na inataja pia imani ya watu kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu. Kutoka hapo neno lilihama. Halikuwa tena jina la dawa bali la mtu anayewanyonya wenziwe damu. Katika miaka ya ukoloni wazima moto, wauguzi na wapima ardhi walishukiwa mahali pengi kuwa ndio mumiani wenyewe. Mwandishi anayeucheka uvumi huo na akumbuke mambo mawili. Kwanza, mtu aliyeamshwa usiku na mgeni mwenye sindano, akatolewa damu asiambiwe matokeo yake, alikuwa na haki ya kuuliza damu ile inakwenda wapi. Pili, hofu hiyo haijafa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu waliokuwa katika kazi ya utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Watu hao hawakuwa wakichukua damu ya mtu yeyote. Walikuwa wakichukua udongo.

Mkoani Njombe damu ina mzigo mwingine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba watu wazima 14.8 katika kila 100 mkoani humo walikuwa na virusi vya ukimwi, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote. Ule wa mwaka 2016/17 ulionyesha 11.4, na Njombe ikabaki mbele ya mikoa yote. Katika mazingira hayo kitenzi "kupima" chenyewe kimefinywa maana. Mtu akisema "nimepima", bila kutaja alichopima, wasikilizaji huelewa ukimwi. Mtafiti wa malaria anayefika Manda na kusema "tumekuja kupima damu" amekwisha kusema jambo ambalo hakulikusudia.

Si ajabu basi kwamba sayansi imeurudia mkojo. Kimelea cha malaria kali, kikiwa ndani ya chembechembe nyekundu, hutengeneza protini yenye wingi wa histidini, nayo humwagika katika majimaji ya damu. Vipimo vya haraka vilivyoenea katika zahanati zetu huinasa protini hiyo katika tone la damu. Vipande vyake hupita pia katika figo, na kwa hiyo mwaka 1998 watafiti waliokuwa Papua New Guinea walichapisha habari za kukijaribu kipimo cha namna hiyo kwa damu na kwa mkojo wa watoto. Mwaka 2015, nchini Nigeria, kijiti cha kupimia malaria kwa mkojo kilianza kuuzwa. Kwa matende, watafiti wa Japani na Sri Lanka walionyesha mwaka 2001 kwamba kingamwili za aina fulani zinazopigana na mnyoo huo huweza kupatikana katika mkojo, ingawa ni kidogo mno zikilinganishwa na zile za damuni. Faida yake ni kubwa kwa nchi kama yetu, iliyoanza kugawa dawa za matende kwa umma kisiwani Mafia mwaka 2000. Dawa zikigawiwa kwa miaka mingi, mnyoo huadimika, na swali huwa kama watoto wa miaka 6 na 7 bado wanaambukizwa. Kumwomba mtoto wa umri huo mkojo ni kazi nyepesi kuliko kumchoma kidole.

Lakini msomaji asidhani kwamba mkojo husema kila kitu. Protini ile ya malaria hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo inaweza kuonekana kwa mtu aliyekwisha kupona. Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba baadhi ya vimelea huko Peru vimepoteza jeni ya protini hiyo, na baadaye vimelea kama hivyo vilionekana kwa wingi Eritrea. Mgonjwa wa vimelea hivyo ana malaria, na kipimo kinasema hana. Vimelea vikiwa vichache, mkojo huwa kimya mapema kuliko damu. Nazo kingamwili za matende hueleza tu kwamba mwili umepata kukutana na mnyoo, hazisemi kama mnyoo yumo leo. Katika ugonjwa wa usubi, ambao huenezwa na nzi mdogo wala si mbu, watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2013 dutu ya mkojoni waliyoitumainia sana, na mwaka 2016 wengine wakaonyesha kwamba haitoshi kumtenganisha mgonjwa na mzima.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa dutu hizo nimekuta wafasiri wakitumia "alama", "dalili", "kithibitisho", "kiashiria" na hata "kiashiriahai". "Dalili" tayari ina kazi katika tiba: ni kile anachokihisi mgonjwa au anachokiona mganga, kama vile kutetemeka na kutapika. Tukiipa kazi ya pili, mwalimu wa afya hataweza kusema sentensi rahisi kama hii: mtu huyu hana dalili, lakini kiashiria kimeonekana. "Alama" ni pana mno. Yaweza kuwa kovu, chanjo au maksi za mtihani. "Kithibitisho" ni kosa la maana, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba dutu hizo hazithibitishi, na neno likiahidi zaidi ya kipimo, mwananchi atakapopata jibu la uongo ataona amedanganywa na watu, si na kijiti. "Kiashiriahai" kimetungwa kwa kufuata vipande vya neno la kigeni bila kuuliza vinasema nini. Protini inayoelea katika mkojo haina uhai, na aghalabu kimelea kilichoitengeneza kimekwisha kufa. Ninapendelea "kiashiria", na panapohitajika ukamilifu, "kiashiria cha kibiolojia". Kuashiria ni kuonyesha kwa mbali. Anayeashiria huenda akakosea, na msikilizaji anajua hivyo.

Kwa kitendo cha kuujua ugonjwa, neno "uaguzi" lina watetezi wake, nao wana hoja, kwa maana ni neno la asili na fupi. Hata hivyo kuagua kungali kunasikika kama kazi ya ramli, na mganga wa zahanati ya Lupingu asingependa kuandikiwa kwamba anaagua. "Utambuzi wa ugonjwa" unatosha.

Tunarudi kwenye "kisichoingilia". Kitenzi kuingilia kina maana ya kujitia katika mambo ya mwingine, na kina maana nyingine inayojulikana na kila mtu mzima na inayosikika mahakamani katika kesi za kubaka: kumwingilia mtu kimwili. Kumwambia mama wa makamo, mbele ya watoto wake, kwamba kipimo hiki "hakitamwingilia mwili" ni kumtia katika fikira jambo ambalo halikuwamo, tena kwa kinywa cha mgeni. Hilo peke yake lingetosha kuliondoa neno hili katika fomu za ridhaa. Lakini kuna sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi. Ukiacha maana ile ya mwili, neno linabaki na maana ya kutojitia katika mambo ya mtu, na maana hiyo si kweli kuhusu mkojo.

Kwa miaka mingi wasichana wa shule katika Tanzania walipimwa mkojo kutafuta mimba, na aliyekutwa nayo alipoteza nafasi yake shuleni. Ilikuwa Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi. Kwa msichana wa sekondari, basi, "kupima mkojo" hakukuwa jambo jepesi lisilomgusa. Kulikuwa hukumu. Virusi vya ukimwi navyo vina kingamwili zinazoweza kutafutwa katika mkojo. Kwa hiyo kubadilisha chombo, kutoka kichupa cha damu kwenda kikopo cha mkojo, hakumwondolei mtafiti wajibu wa kusema anatafuta nini. Kipimo cha mkojo hakiitoboi ngozi. Siri za mtu kinaweza kuzifikia vilevile. Istilahi "kipimo kisichotoboa" inadai lile la kwanza tu, na linadaiwa kwa haki. Wapo wanaopendekeza "kisichoumiza". Wao pia wanadai mno, kwa sababu mtu huumizwa na mengi zaidi ya sindano.

Limebaki neno mkojo lenyewe. Katika maandishi liandikwe hivyo, kama wafanyavyo waandishi wa kichocho, wala lisifichwe chini ya "sampuli" bila maelezo, kwa kuwa sampuli yaweza kuwa ya damu na hapo mashaka hurudi. Katika mazungumzo na mkubwa, adabu inaruhusu "haja ndogo" mara ya kwanza, kisha mkojo utajwe ili pasiwe na shaka. Maneno ya mhudumu aliyeketi na bibi mmoja kule Manda, baada ya kumwamkia na kuitikiwa, yangeweza kuwa haya: "Bibi, tunakuomba haja ndogo kidogo, yaani mkojo, katika kikopo hiki. Hatutakutoboa wala hatutachukua damu. Katika mkojo huu tutatafuta kiashiria cha malaria tu. Hatutapima ukimwi wala mimba. Kiashiria kikionekana, huenda una malaria sasa, au ulikuwa nayo wiki chache zilizopita. Kisipoonekana na homa ikaendelea, njoo zahanati upimwe damu." Kwa bibi, neno la mimba litaleta kicheko na linaweza kuachwa. Kwa mjukuu wake aliye sekondari lisiachwe.